Betri ikichoka, koili inapiga kelele: fidia ya mteremko ndani ya taa za dagaa

Betri ya mashua ina volti 12. LED nyeupe kumi zilizopangwa kwa mfululizo, kila moja ikichukua volti 3 hivi, zinataka volti 30. Ndiyo maana ndani ya taa ya kuvulia dagaa kuna bodi ndogo ya saketi yenye kazi moja, kupandisha volti: koili, mosfeti (swichi ya kielektroniki), dayodi (inayopitisha mkondo upande mmoja tu), kapasita mbili tatu, na chipu ya miguu minane inayoamua mosfeti iwashwe lini na izimwe lini. Mafundi wa Ngamiani, Tanga, huletewa taa hizi siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa na mashua haziendi kuvua, kwa hiyo nahodha anapata nafasi ya kushughulikia vyombo vyake.

Malalamiko mengi hayana fumbo. Maji ya chumvi yameingia, waya umeoza, dayodi imekwisha. Lipo moja linalosumbua vichwa: "Fundi, taa inawaka vizuri tu. Ila betri ikianza kuchoka usiku wa manane, ndani kunachacharika, na ukigusa bomba la nyuma linaunguza." Unapima mosfeti, nzima. Dayodi, nzima. Unabadilisha chipu, siku ya pili taa inarudi na kelele ileile. Hakuna kifaa kilichokufa humo ndani. Kilichoharibika ni uwiano kati ya miteremko miwili ya mkondo, na multimita haina kipimo cha kitu hicho.

Tuanze na namna chipu inavyofanya kazi. Jamii ya UC3842, iliyotolewa na kampuni ya Unitrode ya Marekani miaka ya 1980 na ambayo hadi leo imejaa kwenye mabodi ya kila aina, haipimi volti peke yake. Inatazama mkondo wa koili kila mzunguko. Kloki ya ndani, yaani saa inayotoa mapigo ya kasi isiyobadilika, ikipiga, mosfeti inawashwa na mkondo unaanza kupanda ndani ya koili. Rezista ndogo chini ya mosfeti inageuza mkondo huo kuwa volti kidogo zinazoingia mguu wa 3. Volti hizo zikifika kwenye kikomo, mosfeti inazimwa papo hapo, na mkondo unateremka kupitia dayodi kwenda kwenye LED hadi kloki ipige tena. Kikomo hicho hakikai mahali pamoja. Mrejesho, yaani kipimo kinachorudi kwenye chipu kutoka kwenye LED, unakipandisha taa ikihitaji nguvu zaidi na kukishusha ikizidiwa.

Mtindo huu wa kuzima kwa kilele cha mkondo ulielezwa na mhandisi Cecil Deisch mwaka 1978, na ulipendwa kwa sababu nzuri. Mosfeti inalindwa kila mzunguko: mkondo ukizidi, inazimwa kabla haijaungua. Betri ikiyumba, mwinuko wa mkondo unabadilika saa hiyohiyo na chipu inajirekebisha bila kusubiri mrejesho. Mimi naona ndio mtindo bora kwa vyombo vinavyotumiwa baharini na majumbani kwetu, ambako umeme na betri havina adabu. Lakini una ugonjwa wake wa kuzaliwa nao.

Tuchukue taa yenye koili ya maikrohenri 47, kloki ya kilohezi 100, na nguvu ya wati 60. Mosfeti ikiwa imewashwa, koili inapata volti 12 zote za betri, na mkondo unapanda kwa ampea 0.255 kila maikrosekunde. Ikizimwa, koili inabaki na tofauti ya volti 30 na 12, yaani 18, na mkondo unashuka kwa ampea 0.383 kila maikrosekunde. Mzunguko mzima ni maikrosekunde 10. Ili mkondo urudi ulipoanzia, mosfeti inakaa imewashwa maikrosekunde 6 na imezimwa 4: unapanda ampea 1.53, unashuka 1.53. Mosfeti basi imewaka asilimia 60 ya muda. Na kwa wati 60 mkondo wa wastani wa koili ni ampea 5, kwa hiyo haufiki sifuri hata mara moja. Jambo hilo la kutofika sifuri ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana mzunguko mmoja unamwachia unaofuata mkondo wa kuanzia.

Sasa tuseme kuna kelele kidogo, na mzunguko mmoja umeanza na mkondo uliozidi kwa ampea 0.1. Utafika kwenye kikomo mapema, kwa ampea 0.1 gawa kwa 0.255, yaani maikrosekunde 0.39. Mosfeti inazimwa mapema kwa kiasi hicho, kwa hiyo mkondo unaanza kushuka mapema vilevile. Kloki haijali, itapiga kwa saa yake. Ikipiga, mkondo umeshuka kupita ilivyotakiwa kwa 0.39 mara 0.383. Hiyo ni ampea 0.15. Uliozidi kwa 0.1 umezaa uliopungua kwa 0.15. Huo uliopungua unachelewa kufika kwenye kikomo, hauna muda wa kutosha kushuka, na unazaa uliozidi kwa 0.225. Kisha unapungua kwa 0.34, unazidi kwa 0.5. Ndani ya mizunguko saba, maikrosekunde 70 tu, kosa la ampea 0.1 limekuwa zaidi ya ampea 1.5. Aliyejifunza baiskeli akiwa mtoto Tanga anaijua hali hii: usukani ukienda kushoto unausahihisha kulia kupita kiasi, halafu kushoto zaidi, mpaka mtaroni.

Ukiangalia hesabu hiyo, kinachoamua ni mteremko wa kushuka ukigawanywa kwa mwinuko wa kupanda. Hapa ni 0.383 kwa 0.255, yaani 1.5. Na kwa kuwa mkondo hupanda na kushuka kiasi kilekile kila mzunguko, uwiano huo haukwepeki: ni muda wa kuwaka ukigawanywa kwa muda wa kuzimwa. Sita kwa nne. Mosfeti ikiwaka chini ya nusu ya muda, uwiano uko chini ya moja na kosa linakufa lenyewe. Ikipita nusu, kosa linakua. Asilimia 50 inayotajwa katika vitabu vyote vya fani hii imetoka hapo, wala haina siri nyingine.

Ila nusu si ukuta. Kwenye asilimia 45 uwiano ni 0.82, baada ya mizunguko kumi kosa limebaki kama sehemu moja ya saba. Saketi haijaanguka, lakini inatetemeka muda mrefu kila inapoguswa, na mabadiliko madogo ya mzigo yanaonekana kwenye volti za kutoka. Mhandisi Raymond Ridley, mwaka 1990, ndiye aliyeandika hesabu kamili ya mtetemeko huo, na tangu hapo wabunifu wanapima umbali wao kutoka kwenye nusu badala ya kuridhika kwamba hawajaivuka.

Ukishavuka, kosa haliendi kukua bila mwisho, kwa kuwa pigo, yaani muda mosfeti inaokaa imewashwa katika mzunguko mmoja, haliwezi kuwa jembamba kuliko sifuri wala pana kuliko mzunguko wenyewe. Linatulia katika hali ya ajabu: pigo moja pana, linalofuata jembamba, pana, jembamba, yaani mtetemeko wa nusu ya kasi ya kloki. Kwa kloki ya kilohezi 100 hiyo ni kilohezi 50, ambayo sikio la mtu halisikii. Ukisikia koili ikichacharika, ujue mambo yamekwenda mbali zaidi: mapigo hayapishani tena kwa utaratibu, yamevurugika, na mvurugiko huo una sauti za kila namna, zikiwemo za chini tunazozisikia. LED zenyewe zinaweza zisioneshe chochote kwa sababu mrejesho bado unasahihisha wastani. Ili kuutunza wastani huo mrejesho unalazimika kupandisha kikomo, vilele vya mkondo vinapanda nacho, na hapo ndipo feraiti (kiini cha koili) na mosfeti zinapopata joto lile lililomuunguza nahodha kidole.

Dawa, ambayo ndiyo inayoitwa fidia ya mteremko, ni ndogo kiasi cha kushangaza. Badala ya kikomo kinachobaki palepale mzunguko mzima, unakiteremsha taratibu kuanzia kloki inapopiga hadi mwisho wa mzunguko. Au, ambayo ndiyo njia inayofanyika kwenye bodi, unaacha kikomo kilivyo na kuongeza volti zinazopanda kwenye kipimo cha mkondo. Ni kitu kilekile. Mkondo uliozidi bado unafika mapema, lakini unakuta kikomo hakijashuka sana, kwa hiyo umapema wake unapungua. Na uliochelewa unakuta kikomo kimeshashuka kuja kuupokea. Kosa la kila mzunguko sasa linazidishwa kwa sehemu ambayo juu ni mteremko wa kushuka ukitoa fidia, na chini ni mwinuko wa kupanda ukijumlisha fidia. Fidia ikiwa nusu ya mteremko wa kushuka, sehemu hiyo haiwezi kufika moja hata mosfeti iwake karibu muda wote. Ikilingana na mteremko wote, kosa linafutika katika mzunguko mmoja.

Kwenye UC3843, ndugu wa UC3842, jino la msumeno (volti zinazopanda taratibu kisha kuanguka ghafla) lipo tayari mguu wa 4, ambako rezista na kapasita zinapanga kasi ya kloki. Linapanda kama volti 1.7 karibu mzunguko mzima, sawa na volti 0.18 hivi kwa maikrosekunde. Ni nyingi mno, unataka chembe yake tu. Usivute moja kwa moja kutoka mguu huo, maana utabadilisha kasi ya kloki. Weka transista ndogo ya NPN, besi mguu wa 4, kolekta mguu wa 8 wenye volti 5, kisha kutoka emita rezista moja iende mguu wa 3. Kwa kawaida mguu wa 3 tayari una rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ndogo ya pikofaradi 470, zinazochuja mwiba unaotokea mosfeti inapowaka. Rezista hiyo ya kilo-omu 1 pamoja na ile yako mpya zinagawana jino la msumeno.

Rezista ya kupimia ikiwa omu 0.1, mteremko wa kushuka wa ampea 0.383 unaonekana mguu wa 3 kama milivolti 38 kwa maikrosekunde, na wa kupanda kama 25.5. Nusu ya 38 ni 19. Ukiweka kilo-omu 6.8 unapata kama milivolti 23, asilimia 60 ya mteremko, ziada kidogo kwa usalama. Rudia hesabu ya kosa: 38 toa 23, gawa kwa 25.5 jumlisha 23. Inakuja 0.31. Kosa lililokuwa linakua mara moja na nusu kila mzunguko sasa linapungua hadi theluthi. Kazi yote hiyo imefanywa na rezista isiyozidi punje ya mchele na transista ya bei ya chini kabisa dukani.

Wapo wanaofikiri kama kidogo kinatibu, kingi kitatibu zaidi. Hapana. Mguu wa 3 unazima mosfeti ukifika volti 1, na jino la msumeno linakula sehemu ya volti hiyo. Kwa mfano wetu, mpaka maikrosekunde ya sita fidia imeshachukua milivolti 138, na mkondo wa juu kabisa umeshuka kutoka ampea 10 hadi 8.6, hapo hujahesabu volti za kusimama (zisizopanda wala kushuka) zinazopita kwenye ile transista. Ukiongeza fidia mara tano, taa itashindwa kubeba mzigo wake. Na chipu itakuwa inatazama jino la msumeno zaidi ya inavyotazama mkondo, kwa hiyo faida zote tulizozitaja mwanzoni zinapotea na mrejesho uliopangwa kwa mtindo wa mkondo unaanza kuyumba kwa sababu nyingine.

Turudi kwenye taa inayolia betri ikichoka, kwa sababu sasa tuna namba za kuikamata. Bodi ilitoka kiwandani na fidia yake sahihi. Siku moja koili iliungua au ilipata kutu, ikawekwa nyingine iliyochomolewa kwenye bodi kongwe. Koili nyingi hazina maandishi yanayosomeka, na inayoingia kwenye nafasi ndiyo inayofungwa. Tuseme iliyofungwa ni maikrohenri 15. Miteremko yote miwili imekuwa mikali zaidi ya mara tatu, lakini fidia imebaki ileile milivolti 23. Kwa betri iliyojaa, volti 12.6, sehemu yetu inakuwa 0.87: taa inatetemeka lakini inavumilia, na kwenye meza ya fundi mchana hakuna anayesikia kitu. Betri ikishuka hadi 11.6 sehemu inagusa moja. Ikifika 10.8 ni 1.1, na kelele imeanza. Mosfeti ngapi zimetupwa kwa ajili ya koili hiyo? Kipima-vipuri cha bei nafuu chenye uwezo wa kusoma maikrohenri kingelimaliza shauri kwa sekunde chache. Chipu za siku hizi zenye fidia iliyojengwa ndani ndizo zinazonasa watu zaidi, kwa kuwa hakuna rezista ya kuonekana ya kukukumbusha kwamba koili na fidia vilipangwa pamoja.

Mwenye oskiloskopu atauona ugonjwa bila hesabu. Hata zile ndogo za mkononi, za megahezi moja, zinatosha kuonesha mapigo mguu wa 6, ule unaoiwasha na kuizima mosfeti. Pana na jembamba kwa kupokezana ndiyo alama ya nusu-kasi. Mawimbi ya polepole yanayopita juu ya makumi ya mapigo ni mrejesho mbovu, hiyo ni kesi nyingine. Mapigo yanayocheza kwa nasibu mara nyingi ni mwiba uliopenya mguu wa 3, kagua kile kichujio cha pikofaradi 470. Ushahidi mzuri kabisa ni kushusha volti za kuingia polepole ukitazama: mapigo yakigawanyika ghafla kwenye volti ileile kila mara, umempata. Kwenye taa ya betri kipimo hiki hakina hatari. Kwenye pawa saplai ya televisheni, klipu ya ardhi ya oskiloskopu ikigusa upande wa umeme wa ukutani bila transfoma ya kutenganisha, utapoteza oskiloskopu, pengine na zaidi ya hapo.

Televisheni nazo zina sura yao ya tatizo hili. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa unakaa kwenye kapasita kubwa kama volti 325. Transfoma iliyopangwa irudishe volti 150 upande wa mosfeti itafanya mosfeti iwake asilimia 32 tu, salama kabisa. Lakini umeme ukishuka sana jioni, au kapasita kubwa ikiwa imekauka, volti zake zinabonyea kati ya kilele na kilele. Zikibonyea hadi 130, mosfeti inawaka asilimia 54. Inavuka nusu kwa kitambo kidogo, inarudi, inavuka tena, mara 100 kwa sekunde, na mvumo wa hezi 100 unasikika vizuri sana. Hapo kubadilisha kapasita kunatosha, fidia huigusi. Mzigo ukiwa mdogo hadi mkondo unafika sifuri kila mzunguko, kosa halina pa kupitia na ugonjwa haupo kabisa, ndiyo maana televisheni ileile huwa kimya ikiwa imelala.

Ipo njia ya mkato inayozunguka mitaani: UC3844 na UC3845 zina miguu ileile na zimezuiwa ndani zisiwashe mosfeti zaidi ya nusu ya muda, basi pachika hizo usahau fidia. Kwa televisheni iliyopangwa hivyo tangu mwanzo, sawa, ingawa hata hapo kurudisha 3842 mahali pa 3844 kunaongeza kasi ya mapigo mara mbili kwa rezista na kapasita zilezile, na kuondoa kizuizi cha nusu kwa pamoja. Kwa taa ya dagaa mkato huo haufiki popote. Betri ya 12 ikiwashiwa mosfeti nusu ya muda inatoa volti 24, basi. LED kumi kwa mfululizo zinapata volti 2.4 kila moja. Koili itanyamaza kweli, na taa nayo haitawaka.